Nakimbia alfajiri na tumbo tupu, mbona mafuta hayapungui?

SWALI

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, uzito kilo 78, urefu sentimita 162. Ni miezi mitatu sasa naamka saa 11 alfajiri, navaa raba na kutoka kukimbia kabla sijatia kitu tumboni. Niliambiwa kwamba mwili usipokuta chakula hulazimika kula mafuta yake wenyewe, na kwamba hata kipande cha mkate kabla ya mazoezi kinaharibu kila kitu. Kwa hiyo mlo wangu wa mwisho ni saa 2 usiku, na asubuhi nakunywa nusu glasi ya maji ya ndimu tu.

Nachanganya kukimbia na kutembea, kama kilomita 6 kwa saa moja, siku tano kwa wiki. Tumboni najifunga nailoni ili jasho litoke vizuri. Nikirudi napanda mzani na kukuta nimepungua karibu kilo nzima, lakini kufika jioni yote imerudi. Kwa miezi yote hii nimepungua kilo moja na nusu tu, na kiunoni suruali zinanibana vilevile.

Mambo mawili yananitia hofu. Nikimaliza na kusimama mlangoni, macho yanaingia giza, lazima nishike ukuta. Halafu ikifika saa 4 asubuhi nina njaa ya kutetemeka. Hapo ndipo nafungua kinywa: chai vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, slesi nne za mkate zenye siagi na glasi ya juisi. Baada ya hapo usingizi unanishika hadi mchana.

Rafiki yangu mmoja anasema ninachokula ni misuli, si mafuta. Mwingine anasema niongeze muda nifike saa moja na nusu. Na mume wangu, ambaye ana kisukari aina ya pili na anameza metformini na glibenklamidi, anataka tuanze kutoka pamoja. Niendelee na tumbo tupu au nile kwanza? Na yeye je?

Mama wa Alfajiri

JIBU

Mama wa Alfajiri, nitaanza na mumeo, maana lake ndilo lisilosubiri. Kesho asitoke nawe akiwa hajala.

Shida si metformini. Hiyo ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Shida ni glibenklamidi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata kama mtu hajala, na nguvu yake hudumu saa nyingi, kiasi kwamba kidonge cha jana kinaweza kuwa bado kazini alfajiri. Misuli nayo inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Mambo hayo mawili yakikutana kabla ya chakula, sukari inaweza kuanguka mkiwa njiani. Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaochoma insulini na wanaotumia dawa za jamii moja na glibenklamidi, kama glimepiridi na gliklazidi.

Aende kliniki yake aseme wazi: nataka kuanza mazoezi, saa hizi, kwa muda huu. Huenda dozi au saa ya kumeza ikabadilishwa. Asipunguze wala kuruka kidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Akisharuhusiwa, wakati mzuri kwake ni saa moja hadi mbili baada ya kula, kwani kutembea wakati huo kunasaidia pia kuteremsha sukari inayopanda baada ya mlo. Apime kabla ya kutoka. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita (miligramu 90 kwa desilita), ale kwanza wanga wa gramu 15 hadi 30. Ndizi moja ya wastani inatosha. Kikiwa chini ya 3.9 (miligramu 70), siku hiyo si ya mazoezi mpaka sukari ipande: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi, asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado iko chini. Kikizidi 13.9 (miligramu 250) na hajisikii vizuri, abaki nyumbani na kuwasiliana na kliniki.

Mfukoni awe na sukari au peremende kila anapotoka, na wewe ujue ziko mfuko upi. Jasho la ghafla la baridi, kutetemeka, maneno kuchanganyika, hasira isiyo na sababu: msibishane kama ni uchovu au ni sukari, mpe kwanza. Ila akipoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na uite msaada. Kama anatumia pia dawa za presha kama atenololi au propranololi, kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio vinaweza kufichika, akabaki na jasho tu. Na kwa sababu mazoezi yanaweza kuendelea kushusha sukari saa nyingi baadaye, apime tena akirudi na kabla ya kulala siku za mwanzo. Viatu visimbane, na kila akivua akague nyayo na katikati ya vidole. Mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge bila kulihisi.

Sasa tuje kwako.

Ulichoambiwa kuhusu tumbo tupu ni kweli kwa saa ile moja, ila si kweli kwa mwezi. Usiku usipokula, insulini hushuka. Insulini ndiyo inayozizuia seli za mafuta kuachia akiba. Ikishuka, asidi za mafuta huingia kwenye damu kwa wingi na misuli huzitumia. Ndiyo maana anayetembea kabla ya kula hupata sehemu kubwa zaidi ya nishati yake kutoka kwenye mafuta kuliko aliyekula kwanza. Hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi.

Lakini mwili haufungi hesabu saa 12 asubuhi. Ukichoma mafuta zaidi alfajiri, umebakiza wanga zaidi, na saa zinazofuata mwili huelekea kutumia wanga huo na kuyapumzisha mafuta. Aliyekula kwanza mambo yake huenda kinyume: wanga asubuhi, mafuta zaidi baadaye. Kinachoamua kama kiuno kitapungua ni tofauti kati ya kilicholiwa na kilichotumika kwa siku na wiki nzima.

Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanawake vijana 20. Wote waliwekewa mlo wenye upungufu wa kalori, wote walifanya mazoezi ya saa moja mara tatu kwa wiki kwa wiki 4. Nusu walikunywa kinywaji cha lishe kabla ya mazoezi, nusu wakakinywa baada. Makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, na tofauti kati yao haikuonekana. Ni jaribio dogo na fupi, sikatai. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, nao waliwafuata wanaume wenye uzito uliozidi kwa wiki 6. Waliofanya mazoezi kabla ya kifungua kinywa walichoma mafuta takriban mara mbili wakati wa zoezi, na miili yao ikaanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Uzito, hata hivyo, ulipungua sawa na wa wenzao waliokula kwanza. Kwa hiyo tumbo tupu lina faida zake, ila usilitegemee likupunguze kilo kuliko njia nyingine.

Tuliangalie zoezi lako kwa namba. Kwa uzito wa kilo 78, kilomita 6 za kuchanganya kukimbia na kutembea zinatumia kalori 350 hadi 400 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Yaani unahitaji vipindi kama 20 kuimaliza kilo moja, iwapo hutakula hata tonge la ziada. Kwa siku tano kwa wiki, miezi mitatu ingekupa kilo 3 hivi. Umepata moja na nusu. Kwa hiyo mazoezi yako yanafanya kazi; nusu ya kazi hiyo ndiyo inayorudi kwa mlango mwingine, na mlango wenyewe umeutaja katika barua yako.

Ni ile saa 4 asubuhi. Vijiko sita vya sukari ni kalori 100 hivi. Slesi nne ni 300. Siagi, hata ukipaka kijiko kimoja tu cha chai kwa kila slesi, ni 140. Juisi 110. Jumla 650, bila kuhesabu maziwa kama unatia kwenye chai. Hapo umesharudisha ulichotumia barabarani na kuongeza juu yake, na mlo wote huo una protini gramu 10 hivi tu. Ndiyo sababu haukushibishi kwa muda mrefu.

Sikulaumu kwa kula hivyo. Kutoka saa 2 usiku hadi saa 4 asubuhi ni saa 14 bila chakula, na ndani yake umekimbia saa nzima. Yeyote atafika mezani akiwa na njaa inayotaka sukari na mafuta kwa haraka. Halafu ule usingizi unaokushika hadi mchana nao una gharama yake. Mtu aliyechoka hukaa zaidi, hupanda ngazi mara chache, humtuma mtoto kile ambacho angekifuata mwenyewe. Mwendo huo mdogomdogo wa mchana kutwa unaweza kupungua kwa kalori mia kadhaa bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo shauri la kuongeza muda ufike saa moja na nusu silikubali kabisa. Litakuongezea njaa na uchovu, yaani vilevile vinavyokurudisha nyuma.

Kuhusu giza la macho. Limekuja baada ya kusimama, na hilo linasaidia kulitambua. Ukiwa unakimbia, misuli ya miguu hukamua mishipa na kuisukuma damu irudi juu. Ukisimama ghafla, ukamuaji huo unakoma wakati mishipa ya miguu bado imetanuka. Damu inabaki chini, presha inashuka, kichwa kinakosa damu kwa sekunde kadhaa. Ongeza hapo kwamba umelala usiku kucha bila maji, umekunywa nusu glasi, kisha umejifunga nailoni ukatokwa jasho karibu lita moja. Kwa hiyo dakika 5 hadi 8 za mwisho tembea polepole, na ukifika mlangoni usisimame wima, zunguka uani kwanza. Giza likikushika, kaa chini mara moja au lala na kuinua miguu. Ukuta hautakusaidia ukianguka.

Ikiwa giza hilo limewahi kukupata katikati ya kukimbia, au linakuja pamoja na maumivu ya kifua, moyo kwenda ovyo au kuzimia, acha mazoezi na umwone daktari kabla ya kurudi barabarani. Na hata kama ni la kusimama tu, ningependa upime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na wenye hedhi nzito huishi nao miaka wakidhani wao ni wavivu.

Kutetemeka kwa saa 4 ni jambo jingine. Kwa mtu asiye na kisukari, ini hulinda sukari ya damu vizuri sana. Damu yote ya mtu mzima ina glukosi gramu 4 hadi 5 tu, kama kijiko kimoja cha chai, wakati ubongo peke yake unatumia gramu 5 hivi kila saa. Ini ndilo linalojaza pengo hilo usiku kucha kutoka kwenye akiba yake ya glaikojeni, ambayo baada ya mlo hufika gramu 100 hivi. Misuli ina glaikojeni nyingi zaidi, gramu 300 hadi 500, lakini hiyo ni ya matumizi yake yenyewe, haiwezi kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo mara nyingi kutetemeka kwa njaa si sukari iliyoshuka kweli. Usikisie, mna mgonjwa wa kisukari nyumbani, kwa hiyo huenda kipima sukari mnacho. Siku moja ukianza kutetemeka pima, kwa sindano mpya ambayo hajaitumia mwingine. Ukikuta chini ya 3.9, peleka namba hiyo kwa daktari. Ukikuta 4.5 au 5, basi ni njaa na uchovu, na dawa yake ni kula mapema.

Rafiki anayesema unakula misuli hajakosea kabisa, ila amekosea sababu. Saa moja ya mwendo wa wastani kabla ya kula haimalizi misuli ya mtu anayepata protini ya kutosha kwa siku. Misuli hupungua pale mambo matatu yanapokutana: kalori chache mno, protini kidogo, na hakuna zoezi la nguvu linaloupa mwili sababu ya kuitunza. Kwako naona mawili ya mwisho waziwazi. Lenga protini gramu 95 hadi 125 kwa siku, ukizigawa katika milo mitatu au minne. Usipoziwekea mpango hazijileti zenyewe.

Basi tumbo tupu likubaliwe au likataliwe? Kwa zoezi jepesi, kaa nalo kama unalipenda. Kwa zoezi zito, kula kwanza. Kadiri unavyokaza mwendo, mwili unaacha mafuta na kutegemea wanga, kwa sababu mafuta huchomwa polepole mno kwa kazi ya kasi. Kwa watu wengi kiwango cha juu cha kuchoma mafuta kinapatikana kwenye mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukikimbia kwa kuhema na tumbo tupu, unachopata ni miguu mizito na zoezi lililo chini ya uwezo wako.

Ningekupangia hivi. Siku tatu za wiki ziwe za tumbo tupu na mwendo wa haraka wa kutembea, dakika 40 hadi 45 tu. Ukiamka kunywa maji mililita 400 hadi 500, subiri dakika 15 au 20, kisha toka. Ndimu weka kama unapenda ladha, lakini haiyeyushi mafuta. Kahawa bila sukari inaruhusiwa kama haikuletei kiungulia wala moyo kudunda, na wengi huona inawapa wepesi. Anza polepole dakika 5 hadi 10. Kisha kaza mpaka mapigo yafike 112 hadi 130 kwa dakika. Nimeyapata kwa kutoa umri wako kwenye 220 na kuchukua asilimia 60 hadi 70. Huhitaji saa maalumu: weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 15. Ukipata 28 hadi 32 uko sawa. Ukipata 38, punguza mwendo hata kama unajisikia una nguvu. Fomula hii ni ya makadirio, kwa hiyo ikigongana na kipimo cha kuongea, fuata kuongea.

Siku mbili ziwe za zoezi la nguvu, na hizi usizifanye na tumbo tupu. Dakika 30 hadi 60 kabla, kula ndizi moja au slesi moja yenye asali. Hicho ni wanga gramu 20 hadi 27, kinatosha na hakikai tumboni kama jiwe. Epuka mafuta na vyakula vya nyuzinyuzi nyingi muda huo, maana hukawia kusagika na ndivyo vinavyoleta kichefuchefu. Fanya kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani au kwenye meza imara, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kuvuta begi lenye uzito kuelekea mbavuni huku umeinama mgongo ukiwa umenyooka. Kila zoezi seti tatu, marudio 8 hadi 12, ukipumzika sekunde 90. Seti iishe ukiwa umebakiza marudio mawili hivi ambayo ungeweza kuyafanya kwa mkao sahihi. Ukiona unafikisha 12 bila shida kwa seti zote, ongeza uzito wa begi au teremsha pushapu kutoka ukutani hadi mezani. Hapa ndipo wanawake wengi wanapokata tamaa mapema kwa kuogopa kujaza misuli. Ukiwa kwenye upungufu wa kalori, kutunza misuli uliyo nayo peke yake ni ushindi.

Ukipenda kubakiza siku moja ya kukimbia kwa kasi, ifanye, ila baada ya kula kidogo kama siku za nguvu.

Kifungua kinywa kisogee kutoka saa 4 hadi saa 1, kabla njaa haijakutawala. Mayai matatu ya kuchemsha, glasi ya maziwa au mtindi usio na sukari, slesi moja, chungwa moja, chai bila sukari. Hapo una kalori 500 hivi na protini gramu 28 au 29, karibu mara tatu ya sasa. Nasema ya kuchemsha kwa makusudi: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kukaangia ni kalori 120, na watu hawapimi, humimina. Juisi badilisha kwa tunda lenyewe. Kama chai bila sukari haipiti, shuka kijiko kimoja kila wiki mpaka ufike unapoweza.

Kwa siku nzima lenga upungufu wa kalori 300 hadi 500. Hiyo itakupa wastani wa gramu 300 hadi 400 kwa wiki. Najua namba hiyo haisisimui, lakini ni mafuta, na haitakunyang'anya nguvu za kulea watoto.

Nailoni ivue leo. Jasho linapoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Ukilizuia, halipozi, na mwili unaendelea kuchemka na kumwaga maji zaidi. Kilo unayoiona mzanini ni hayo maji, na inarudi jioni kwa sababu umekunywa, kama ilivyopasa. Kama kila kilo ile ingekuwa mafuta, ungehitaji kukimbia kilomita 120 asubuhi hiyo. Tena jasho halichagui mafuta ya sehemu linapotokea. Mwili hutoa mafuta kutoka kila mahali kwa mpangilio wake wa kurithi na wa homoni, na kwa wengi tumbo halitangulii. Hakuna mkanda, krimu wala zoezi la tumbo linaloubadilisha mpangilio huo.

Mzani panda asubuhi tu, baada ya haja, kabla ya kunywa maji, angalau siku nne kwa wiki, kisha chukua wastani. Siku mojamoja hudanganya: chumvi ya jana, hedhi inayokaribia, au wanga mwingi vinaweza kuongeza kilo moja hadi mbili za maji, kwa kuwa kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Kiuno pima mara moja kwa wiki, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, utepe ukiwa sambamba na sakafu, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida bila kunyonya tumbo. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 80 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda, na zaidi ya 88 imepanda sana. Namba hii kwangu ina uzito kuliko kilo.

Ukishika mimba, mpango wa tumbo tupu uache. Vilevile haumfai aliye chini ya miaka 18, mwenye vidonda vya tumbo vinavyomsumbua, wala aliyewahi kuugua tabia ya kujinyima chakula au kula kupindukia.

Fuata mpango huu wiki 4 bila kubadilisha kitu. Wastani wa uzito ukiwa umeshuka kilo moja hivi, au kiuno kimepungua sentimita moja au mbili, endelea. Kama vyote viwili vimeganda, muda wa mazoezi usiuguse. Shughulikia mlo wa saa 2 usiku. Punguza wanga wa sahani hiyo kwa theluthi moja, jaza nafasi yake kwa mboga na maharage, na kwa wiki mbili mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa.